Naomba ushauri: mabinti wanaona aibu kununua dukani kwangu

Habari zenu wapendwa. Mimi ni nesi, nina duka la dawa lenye leseni hapa Busia, upande wa Uganda. Kondomu, vipimo vya mimba, vidonge vya uzazi wa mpango na vile vya dharura (P2) vyote ninavyo. Shida si mzigo, shida ni kaunta.

Binti anaingia, anakuta bodaboda wawili kwenye benchi, anazungusha macho kwenye rafu, ananunua Panadol anaondoka. Jioni anamtuma mdogo wake na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Sasa P2 humezwa ndani ya saa 72 baada ya kufanya mapenzi bila kinga, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua. Halafu mtoto wa darasa la nne nitampaje maelekezo?

Kituo cha afya cha serikali wanapewa bure, ila foleni yake imejaa mashangazi na majirani. Nawaelewa.

Nimefikiria kuweka pazia pembeni, lakini mji huu mdogo: atakayeonekana akitoka nyuma ya pazia atasemwa wiki nzima. Wengine wananishauri nipokee oda kwa simu na kufunga kwenye bahasha ya kaki. Bei nazo zinawabana, hasa wanaosoma.

Wenye maduka, na nyie mabinti wenyewe, nini kingewafanya muulize bila woga? Na mama mtu akija juu kwamba namharibia mwanawe, mnamjibuje?