Mashine yasema nakimbia kilomita 10 kwa saa, Riat yakataa

Fundi wa Kibuye
Hamjambo wakimbiaji. Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Nimejiandikisha kwa marathoni ya Nairobi ya Oktoba, kilomita 42 zote, si ile nusu. Nyumbani wameshanicheka, kwa hivyo ninyi msirudie.

Alfajiri mtaa wetu ni wa mbwa na boda zisizo na taa. Jioni nafunga kazi giza limeingia. Basi miezi miwili sasa mazoezi yangu yote nafanyia juu ya mashine ya kukimbilia kwenye jimu moja mjini. Naiweka 10, nakimbia saa nzima, naoga, naenda kushona. Kwa hesabu yangu Nairobi ningemaliza kwa saa 4 na dakika 13.

Jumapili nikajaribu barabara. Nikatoka Kondele, nikapita Mamboleo, nikapanda kilima cha Riat hadi karibu na Kiboswa, nikageuka. Kupanda nilitembea, sioni haya. Lakini kuteremka ndiko kulikonimaliza! Jumatatu nilishindwa hata kukanyaga pedali ya cherehani, mapaja yamekuwa magogo. Je, hiyo miezi miwili nilikuwa nacheza?

Jirani wa Lanet
Dada, achana na hiyo mashine. Kipchoge anafanyia mazoezi Kaptagat kwenye barabara za vumbi, si juu ya mpira.

Fundi wa Kibuye
Kipchoge hashoni sare za shule hadi saa mbili usiku, kaka.

Mzee wa Menengai
Binti yangu, hukuwa unacheza. Moyo na mapafu havijui kama chini kuna lami au mpira, na ile saa nzima ya kila siku haijapotea. Kilichokupata ni kitu kimoja mashine nyingi hazina: mteremko. Ukishuka kilima, msuli wa paja unavutwa huku unajikaza kukuzuia usianguke, na ndiyo kazi inayouma kesho yake. Mimi nikishuka Menengai mara ya kwanza baada ya mapumziko, ngazi za nyumbani nazishuka kinyumenyume kwa siku mbili. Habari njema ni kwamba msuli hukumbuka. Rudi Riat baada ya wiki mbili, maumivu yatapungua sana.

Watakuja hapa wakwambie uinue mbele ya mashine kwa asilimia 1 kufidia upepo wa barabarani, ambao ndani haupo. Inua ukipenda. Kwa mwendo wako upepo ni kitu kidogo, na sio uliokuangusha.

Sasa hiyo 10. Umeipima? Mashine chakavu husema uongo. Izime kabisa, weka alama ya chaki kwenye mkanda, uzungushe kwa mkono ukiupima mzunguko mzima. Kisha panda ukimbie, mtu mwingine ahesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika. Lazima uwe juu yake, kwa sababu nyingine hupunguza kasi zikilemewa.

Na usisahau: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi 1,700 hivi. Huko hewa ni nyepesi zaidi, anza polepole kuliko moyo unavyotaka.

Nesi wa Kakamega
Mzee umesema vyema, ila wanaume mnaona rahisi kusema "toka nje". Mimi natoka zamu ya usiku, sikimbii gizani peke yangu kwa ajili ya medali yoyote. Fundi, siku za kazi baki na mashine, usione aibu. Mbio ndefu ya Jumapili ndiyo usiikimbie ndani. Ngoja saa kumi na mbili na nusu kupambazuke, tafuta mwenzako, ubebe maji. Ndani hakuna jua, na marathoni itakukuta juani.

Fundi wa Kibuye
Nimerudi. Tepu ya fundi ni sentimita 150, mkanda umekula tepu mbili na sentimita 20, yaani mita 3.2. Nikaweka 10, mwanafunzi wangu akahesabu: mara 48 kwa dakika. Hizo ni mita 154 hivi. Kwa saa ni kilomita 9.2!

Kijana wa jimu ameniambia chaki yangu ndiyo mbovu. Nikamwachia tepu ajipimie.

Kwa hiyo Nairobi sasa ni saa 4 na dakika 35, nikidumu na mwendo huo. Nimeifuta ile 4:13 niliyoandika kwa chaki ukutani. Jumapili ya wiki ijayo narudi Riat na dada mmoja muuza samaki wa Dunga, na Jumatatu yake pedali atakanyaga mwanafunzi. Nimeshamwambia.