Ushauri: Siku nne Tokyo na mama mwenye magoti mabovu, kabla ya kupanda meli Yokohama

Mwana Chumbageni:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba mawazo yenu, maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, kila nikipanga napangua.

Mimi naishi Uingereza, mama yangu yuko Tanga, ana miaka 69. Tangu baba afariki hajatoka mkoani ila kwenda hospitali Dar. Mwaka huu nimejikusanya nikalipia safari ya siku kumi ya meli ya kitalii, mimi na yeye. Inaondoka Yokohama katikati ya Novemba, Ijumaa saa kumi jioni, inapita bandari kadhaa za Japani, inagusa Busan kule Korea Kusini, halafu inarudi Yokohama. Tunakutana uwanja wa Haneda Jumapili usiku. Kwa hiyo tuna Jumatatu mpaka Alhamisi za kutembea.

Nilichopanga mpaka sasa: Jumatatu Asakusa, Ueno na Makumbusho ya Taifa. Jumanne Shibuya, hekalu la Meiji Jingu na mnara wa Skytree. Jumatano Kyoto, kwenda na kurudi kwa treni ya mwendo kasi. Alhamisi Hakone kuutazama mlima Fuji. Ijumaa asubuhi tunashuka Yokohama na mabegi yetu.

Mama anatembea, lakini dakika ishirini tu anatafuta pa kukaa, na ngazi kwake ni mtihani. Hali chochote asichokuwa na hakika nacho. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa. Baba alikuwa karani bandarini Tanga, na gari letu lilikuwa la mtumba kutoka Japani. Kila asubuhi akiliwasha, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani. Hakuna aliyeyaelewa, lakini mama alishazoea, akawa anaiitikia "marahaba" kutoka barazani. Tangu nimwambie tunakwenda Japani anauliza swali moja tu: hayo magari yanapakiwa wapi, tutapaona?

Pasipoti yangu ni ya Uingereza, yake ya Tanzania. Karibuni.

Mkwezi:
Dada, hongera kwa kumkumbuka mama. Kyoto ifute. Ni zaidi ya kilomita 500, treni ya haraka kabisa inachukua saa mbili na robo kwenda, na hizo ni za kukaa tu. Ukijumlisha kupanda, kushuka na kutafuta basi, mama atakuwa ameiona Kyoto kupitia dirishani.

Msafiri wa Kilindini:
Kabla hamjafika kwenye matembezi, dada yangu, nataka usome hapa mara mbili. Mama atahitaji viza, hilo walijua. Lakini usimuombee viza ya kuingia mara moja. Meli ikitoka Japani kwenda Busan, ameshatoka nchini. Ikirudi Yokohama anaingia upya, na viza ya mara moja itakuwa imeshatumika. Muombee ya kuingia mara mbili au zaidi, na barua ya maombi ieleze sababu, pamoja na ratiba ya meli.

Yalimkuta shemeji yangu. Kampuni aliyonunua tiketi haikumwambia neno. Siku ya kupanda, kijana wa kaunta akafungua pasipoti, akafunga, akaita mkubwa wake. Shemeji alibaki nchi kavu na tiketi yake mkononi, mkewe akiwa ameshapita.

Kama unajiuliza kwa nini meli inaenda Busan hali safari ni ya Japani: sheria yao inaziachia meli za bendera ya Japani kubeba watu kati ya bandari na bandari za nchi hiyo. Meli ya bendera ya kigeni lazima iguse nje. Ndiyo maana ratiba nyingi utaiona Busan imechomekwa katikati. Na Korea nayo ina masharti yake kwa pasipoti ya Tanzania, kwa hiyo waulize wenye meli kwa maandishi, nao wajibu kwa maandishi. Viza ya Japani ya mara moja hukaa miezi mitatu tu tangu itolewe, kwa hivyo waulize ubalozi hiyo ya mara mbili itakaa muda gani, usije ukaomba mapema ikaisha.

Mwana Chumbageni:
Msafiri, Mungu akulipe. Fomu nilishajaza, nimeweka tiki kwenye mara moja. Nilikuwa niitume kesho.

Bi Saada wa Muscat:
Alhamdulillahi haijatumwa. Mwanangu, mimi nilikwenda Tokyo na wifi yangu, wote watu wazima, kwa hiyo magoti nayajua.

Pangeni Ueno, upande wa Okachimachi. Hapo pana msikiti, Assalaam, na vyakula vya halali viko jirani. Ukiuliza supu ya tambi mahali pa kawaida, ujue mchuzi mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe, na hata pasipo nyama hutia mvinyo wa kupikia. Asakusa pia pana tambi za halali, na Asakusa kutoka Ueno ni vituo vitatu tu vya treni ya chini, ile ya Ginza.

Meiji Jingu msimpeleke. Pazuri sana, msitu mkubwa katikati ya mji, lakini njia yote ni changarawe, na ni ndefu. Wifi yangu alirudi nusu njia. Badala yake nendeni Tokyo Camii, kituo cha Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza hapo walijenga Watatari waliokimbia Urusi, mwaka 1938. Huu wa sasa ni wa 2000, wa mtindo wa Kituruki, na chini kuna duka la halali. Nilipoingia nikasikia adhana nililia, sijui kwa nini. Mpe mama muda wa kukaa pale, msimharakishe.

Vyoo vyao vina maji ya kujisafishia, kwa hiyo hilo asiwe na wasiwasi nalo.

Kingine ni dawa. Kama anakunywa vidonge vya maumivu vyenye kodeini, usivibebe kabla ya kuuliza ubalozi. Japani ni wakali kwa hilo, hata kwa vidonge vinavyouzwa bila cheti huko Uingereza kwenu.

Kijana wa Makorora:
Mimi natofautiana kidogo. Hakone msiifute. Kwenda Japani usiuone Fuji? Mama anaweza kukaa kwenye gari la kamba tu.

Mpita Bandari:
Kijana, Fuji hauna ahadi. Unakwenda Hakone mwendo wa saa mbili, unakuta wingu limeshuka mpaka magotini. Novemba asubuhi kukiwa na baridi na mbingu safi, mlima unaonekana hata ukiwa Tokyo. Jengo la serikali ya jiji kule Shinjuku lina ukumbi wa kutazamia ghorofa ya 45, mita 202, na ni bure. Skytree ni mita 634, ndiyo, lakini unalipa. Dada, msishukie kituo cha Shinjuku, kile ni kama Kariakoo ya chini ya ardhi. Pandeni laini ya Oedo kutoka Ueno-Okachimachi mpaka Tochomae, mnatokea chini ya jengo lenyewe. Nendeni asubuhi mapema. Mama akiuona mlima, sawa. Asipouona, hamjapoteza siku.

Mimi niko Yokohama mwaka wa kumi na moja, nasafirisha magari ya mtumba, kwa hiyo swali la mama limenigusa. Ile sauti najua ilikuwa inasema nini. Magari ya huku yana kifaa cha kulipia barabara kuu kwa kadi, wanakiita ETC. Ukiwasha gari bila kadi, kinasema: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijaingizwa. Gari likishafika kwetu kadi haitaingizwa tena, kwa hiyo linasema kila siku mpaka lichakae. Mwambie mama alichokuwa akikiitikia ndicho hicho.

Magari mengi ya huku hupakiwa Daikoku, kisiwa cha kutengenezwa katika bandari hii hii ya Yokohama. Hapa nikuulize: tiketi yako inasema gati gani? Watu wengi husoma "Yokohama" wakadhani imetosha. Meli za abiria huenda Osanbashi, katikati ya mji, lakini zile ndefu kwenda juu haziwezi kupita chini ya daraja la Bay Bridge, lenye nafasi ya kama mita 55, kwa hiyo hufunga Daikoku. Osanbashi unatembea dakika chache kutoka kituo cha Nihon-odori. Daikoku hakuna treni, ni teksi au basi la meli. Jua hilo kabla ya kuchagua hoteli.

Mwana Chumbageni:
Nimeangalia sasa hivi. Osanbashi.

Mpita Bandari:
Basi vizuri zaidi. Ushauri wangu: laleni Ueno usiku wa Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kisha Jumatano asubuhi hamieni Yokohama. Kutoka Ueno kuna treni ya moja kwa moja, kama dakika thelathini na tano. Mabegi makubwa yaacheni mapokezi Jumanne asubuhi, hoteli iyatume, yanawakuta hoteli ya Yokohama kesho yake. Mama asiburute kitu vituoni.

Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, na ile ya Ueno imo. Fanyeni hiyo ndiyo siku ya Asakusa. Hekalu la Sensō-ji wanasimulia lilianza na ndugu wawili wavuvi walioopoa sanamu kwenye wavu, mtoni Sumida, mwaka 628. Mtu wa Tanga hadithi ya wavu ataielewa haraka. Halafu, karibu na daraja la Azuma-bashi hapo Asakusa, pandeni boti ya mtoni mpaka bustani ya Hama-rikyū. Mnakaa tu, mji unapita pembeni. Ndani ya bustani kuna bwawa linalojaa na kupwa na bahari, na kibanda cha chai juu ya maji. Jua Novemba linazama saa kumi na nusu, kwa hiyo msianze matembezi saa saba mchana.

Jumanne jengo la Shinjuku asubuhi, kisha Tokyo Camii kama alivyosema Bi Saada. Mtawahi Adhuhuri, lakini angalieni saa: huko msimu huo inaingia kabla ya saa sita. Shibuya ipiteni kwa teksi mkipenda. Milango ya teksi hujifungua yenyewe, mama asivute.

Yokohama msikimbie. Hifadhi ya Yamashita ni tambarare, mabenchi tele mbele ya bahari. Waliijenga juu ya kifusi cha tetemeko la 1923. Hapo imefungwa Hikawa Maru, meli ya abiria ya 1930 iliyokuwa ikienda Marekani, sasa ni makumbusho. Ngazi za ndani ni nyembamba, lakini hata kuitazama toka benchini inatosha. Siku nyingine, mama akiwa na nguvu, Kamakura ni kama dakika ishirini na tano kwa treni, kuna Buddha wa shaba wa karne ya 13.

Paa la Osanbashi lenyewe ni la mbao na majani, linapanda kwa mteremko bila ngazi, na liko wazi kwa kila mtu. Alhamisi jioni mpandishe pale aione bandari ikiwaka taa, kabla ya pilika za Ijumaa.

Bi Saada wa Muscat:
Mpita Bandari umesema vyema. Mimi Kamakura ningeiacha, ila hilo mama mwenyewe aamue asubuhi ile.

Mwana Chumbageni:
Nimepangua tena, na safari hii nadhani imekaa. Ueno usiku tatu, Yokohama usiku mbili. Kyoto na Hakone zimeondoka. Kamakura nitamuuliza siku yenyewe, Bi Saada. Fomu ya viza nimeandika upya, mara mbili, na wenye meli nimewaandikia kuhusu Busan. Vidonge vya kodeini kweli alikuwa navyo, nimempigia daktari wake ambadilishie.

Nimempigia mama nikamweleza ya ETC. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kumbe maskini alikuwa anaomba kadi, na baba yako hakuwa nayo." Sasa ananiuliza kama meli ikiondoka tutapaona Daikoku.

Mpita Bandari:
Mtapaona. Meli ikitoka Osanbashi inapita chini ya Bay Bridge. Daraja lile linaunganisha Honmoku na Daikoku. Mkiwa mmeelekea mbele, Honmoku iko kulia, Daikoku kushoto. Mpeleke mama sitaha ya juu mapema amepata kiti, upande wa kushoto, na koti zito, upepo wa pale ni mkali. Saa kumi bado kuna mwanga.