Naomba ushauri: kipindi cha fasihi kwa wanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia)

Habari zenu walimu wenzangu. Hapa Mwanza tunataka kuwawekea kidato cha tano PCB kipindi cha fasihi, dakika 40 kwa wiki. Ukurasa mmoja wa hadithi fupi unasomwa kwa sauti mara mbili, kisha kila mwanafunzi anapigia mstari mmoja alichokiona msimulizi, na mistari miwili alichokidhania tu. Baada ya hapo wanafanya vilevile kwenye ripoti zao za maabara. Faida iko hapo hasa: "maji ya ziwa pale Mwaloni ni machafu" ni hitimisho, "maji ni ya kijani, yana harufu, chini kuna mashapo" ndiyo data. Hata daktari anayechukua maelezo ya mgonjwa anahitaji umakini huohuo.

Kinachoharibu ni mazoea ya mtihani: wanakimbilia dhamira na ujumbe, matini yenyewe hawaiangalii. Dondoo nayo ikizidi ukurasa, kengele inalia kabla ya mjadala.

Sasa naomba mnisaidie: tuanze na ushairi wa vina na mizani, au usubiri muhula wa pili? Na tuwapime vipi bila alama, maana wakisikia alama wanakariri?