Tupeane uzoefu: kulala usiku mmoja kwenye jiji usilolijua, ukisubiri ndege ya pili

Mguu Nje
Wakuu, habari za muda huu. Wiki ijayo nasafiri, naunganisha ndege Istanbul. Nafika tarehe 14 saa 00:40, ya pili inaondoka siku hiyohiyo saa 10:15. Sijawahi kulala kwenye jiji ambalo sina hata mtu wa kumsalimia. Viza ninayo, na nimeshalipia kihoteli cha bei poa, kwenye picha kinaonekana kisafi. Mliowahi kulazwa njiani namna hii leteni yaliyowakuta, matamu na machungu. Nataka nitumie kidogo, lakini niamke na figo zangu zote mbili.

Kufuli Dogo
Figo ziko salama mkuu, kinachoibwa ni chaja. Kama ni chumba cha kulala wengi, beba kufuli lako mwenyewe. Makabati wanayo, kufuli wanakuuzia, na wanajua huna pa kwenda.

Mama wa Watatu
Mguu Nje umenitonesha kidonda. Hiyo saa 00:40 yako nimeiona nikashtuka, maana mimi ilikuwa 00:50 na nilikuwa na mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka sita. Jiji silitaji, halikuwa na kosa.

Nilijipanga jamani. Nilisoma maoni ya waliolala pale, nikachagua hoteli yenye mapokezi ya saa ishirini na nne, nikachapisha karatasi. Tukatua, tukapita uhamiaji, tukapanda teksi ya kwenye foleni rasmi, siyo wale wanaokufuata mlangoni wakikuita dada dada. Tunafika, teksi ikageuza ikaondoka. Mtoto nimembeba mgongoni amelala fofofo, begi mkono wa kulia, simu ina chaji asilimia nne.

Kijana wa mapokezi akaangalia karatasi yangu, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Mama, chumba chako kinaanza leo saa nane mchana." Nikamwambia ndiyo, ni leo, tarehe si hiyo hapo? Akasema ndiyo tarehe ni hiyo, ila leo saa nane mchana. Saa nane mchana mimi nitakuwa angani! Nikaomba chumba kingine, hoteli imejaa. Nikamwomba apige simu hoteli ya jirani, nayo imejaa, kulikuwa na maonyesho sijui ya nini mjini.

Basi kwenye viti pale palikuwa na baba mmoja anasoma gazeti. Gazeti, saa nane usiku! Akasogea kwa upole kabisa, akasema ana binamu yake ana vyumba mtaa wa pili, atatusindikiza kwa miguu. Mnajua nilikuwa tayari? Nimechoka, mtoto mzito, na yule baba ana sura ya mchungaji. Kilichoniokoa si akili, ni uvivu. Nilijaribu kusimama na mtoto na begi, magoti yakakataa. Nikakaa. Yule baba akangoja kidogo, akakunja gazeti, akatoka. Kijana wa mapokezi akaninong'oneza, "Huyo hajalala hapa hata siku moja."

Tukakaa kwenye kiti mpaka asubuhi. Kijana alituletea blanketi, Mungu ambariki. Hela ya chumba haikurudi, kwa sababu kwa hesabu yao mimi sikutokea.

Usiku wa Kuamkia
Mama pole. Hili kosa linawapata wengi na sisi ndio tungepaswa kulijua kuliko wote. Si tunasema "usiku wa kuamkia tarehe 14"? Hoteli wao huo usiku wanauita usiku wa tarehe 13. Ukitua baada ya saa sita usiku, chumba unakiweka kuanzia tarehe ya nyuma, halafu unawaandikia: nitafika usiku sana, msikigawe.

Mama wa Watatu
Ungekuwa pale mapokezi ungenisaidia sana.

Kiti cha Chuma
Yote hayo ya nini? Laleni uwanjani. Masaa tisa si usiku, ni usingizi wa mchana uliochelewa. Doha pale Hamad kuna vyumba vya utulivu vyenye viti vya kujinyoosha, bure, wanaume kwao na wanawake kwao. Changi ya Singapore ndiyo usiseme. Mimi sijalipia hoteli ya njiani tangu nianze kusafiri.

Mgongo Wangu
Una miaka mingapi wewe?

Kiti cha Chuma
Miaka inahusiana nini na kiti?

Mgongo Wangu
Basi bado hujafika. Ukifika utajua inahusiana nini. Viwanja vingi viti vina vyuma katikati makusudi usijinyooshe, kiyoyozi cha kugandisha maiti, na saa tisa usiku anapita mtu na mashine ya kusugua sakafu. Halafu mnawadanganya watu na Doha na Singapore kama kila uwanja uko hivyo. Kuna viwanja vinafunga milango usiku. Beauvais, ule ambao tiketi za bei chee wanauita Paris, jengo linafungwa usiku na mjini ni zaidi ya kilomita themanini. Mwambie mtu akalale hapo.

Kiti cha Chuma
Nimesema Beauvais mimi?

Mgongo Wangu
Umesema "laleni uwanjani".

Tairi la Akiba
Mkigombana semeni tuvute viti. Vya chuma.

Saa ya Babu
Ya kwangu ni ya kucheka, Addis Ababa. Nimelala hotelini vizuri, ndege yangu ni 10:30 asubuhi. Usiku namuuliza dereva wa hoteli atatupeleka uwanjani saa ngapi. Kajibu kwa Kiingereza, na vidole viwili juu. Mimi kwa kuwa tunaongea Kiingereza, viwili nikavihesabu Kizungu, yaani saa nane usiku. Nikaona mapema mno, lakini wenyeji ndio wanaojua foleni zao. Nikashuka saa nane kasorobo na begi. Hakuna mtu. Nikakaa. Saa tisa, kumi, jogoo wa mahali fulani akawika. Dereva akaja saa mbili asubuhi kamili, ameoga, anauliza nimelalaje.

Waethiopia wanahesabu saa kama sisi! Saa moja yao ni jua limechomoza. Mswahili mzima nimeadhibiwa na saa ya babu yangu mwenyewe.

Usiku wa Kuamkia
Shukuru hakukuandikia na tarehe. Kalenda yao ina miezi 13.

Chumba 318
Ngojeni niwape ya kwangu, sijawahi kuisimulia.

Paris, uwanja wa Orly. Ndege ya kuunganisha ilitakiwa kuondoka jioni. Ikachelewa, ikachelewa tena, ikafika saa tano na nusu usiku. Pale Orly kuanzia saa tano na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ndege haziruki wala hazitui, majirani walale. Safari ikafutwa, mpaka kesho asubuhi. Shirika wakaanza kugawa vocha za hoteli, foleni ndefu, na mimi nilikuwa chooni wakati inaanza, kwa hiyo nikawa wa pili kutoka mwisho. Nafika kaunta, naambiwa kimebaki chumba kimoja, vitanda viwili. Nyuma yangu kuna jamaa mmoja mrefu, koti la kijivu, hajasema neno usiku kucha. Tukaangaliana. Akainua mabega. Nikainua na mimi.

Chumba namba 318. Jamaa akaoga dakika kama arobaini. Mimi pasi na pochi nikaviweka chini ya mto, begi langu jeusi nikaliegemeza kitandani upande wangu. Nikaapa silali. Nikalala.

Nikashtuka saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Kitanda chake kimetandikwa kama hakijaguswa. Jamaa hayupo. Naangalia chini, begi langu halipo.

Kuna mtu anagonga mlango, narudi.

Tairi la Akiba
WEWE! Rudi hapa.

Mama wa Watatu
Mwanangu usitufanyie hivyo.

Risiti Mkononi
Wakati tunamsubiri, niseme jambo. Hakutakiwa kukubali kile chumba. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 iko wazi: safari ikifutwa ukalazimika kulala, hoteli ni juu yao, na usafiri wa kwenda na kurudi ni juu yao. Wakishindwa kukupa, unatafuta chumba cha kawaida, si cha kifalme, unatunza risiti, unawadai. Inahusu kila ndege inayoondokea nchi za Umoja wa Ulaya. Na ndiyo maana nawaambia watu nunueni tiketi moja kwa safari nzima. Ukiungaunga tiketi mbili za bei rahisi, ya kwanza ikichelewa, wa pili hakujui. Begi nalo unalitoa mwenyewe na kulipeleka upya.

Tairi la Akiba
Saa sita usiku mkuu, kanuni hailaliki. Yeye alitaka godoro.

Kufuli Dogo
Ila kulala na mtu usiyemjua ni kujitakia. Bora kiti.

Kiti cha Chuma
Asante. Mwenye masikio amesikia.

Binti Bandari
Mbona vyumba vya watu wanane mnalala na hamwajui? Nimelala humo nchi nne, chumba cha wanawake, kitanda cha juu, sijapoteza hata soksi. Mtu mmoja ukigombana naye mko wawili tu, lakini wanane wanalindana. Kero pekee ni wanaopanga mabegi saa kumi alfajiri wakichakarisha mifuko ya plastiki. Hao wafungwe.

Mgongo Wangu
Nami ndiye mwenye mifuko hiyo. Nisameheni.

Pasi ya Bluu
Mguu Nje, swali la msingi hakuna aliyekuuliza. Ndege ya pili inaondoka uwanja upi? Istanbul ipo miwili. Mkubwa, IST, uko upande wa Ulaya. Sabiha Gökçen, SAW, uko Asia, unavuka jiji zima. Nimemwona mtu anashuka huku na ndege yake iko kule, anauliza walinzi geti liko wapi.

Mguu Nje
Kwani iko miwili?? Ngoja niangalie tiketi.

Zote zimeandikwa IST. Nimepumua.

Pasi ya Bluu
Vizuri. Kwa anayekuja nyuma yako: pale IST kuna hoteli ndani ya jengo lenyewe, ila ina pande mbili, moja kabla ya uhamiaji na nyingine baada. Kama huna viza ya kutoka nje, hakikisha unalipia upande wa ndani. Na anayepitia Marekani asijidanganye kuwa anapita tu. Kule hata ukikaa masaa mawili unaingia nchini, viza unatakiwa uwe nayo, na begi utalichukua kwenye mlango wa kwanza.

Saa ya Babu
Ongeza na hili: anwani ya hoteli iwe kwa maandishi ya wenyeji, picha ipo kwenye simu na nakala kwenye karatasi. Simu huwa inakufa mlangoni pa teksi.

Usingizi Mwembamba
Mimi nilijaribu kile chumba cha Kijapani kama sanduku. Wanasema cha kwanza kilifunguliwa Osaka mwaka 1979. Pasafi, bei nafuu, hofu ya wizi sikuwa nayo. Tatizo ni kwamba begi kubwa haliingii humo na kabati lao ni la viatu na koti. Halafu kila sanduku lina mkoromo wake. Nilihesabu sauti kumi na moja tofauti, mmoja alikuwa anaimba kabisa. Anayetua Narita baada ya treni za mwisho akumbuke kwamba Tokyo yenyewe iko kama kilomita sitini, teksi itamliza.

Tairi la Akiba
Asante kwa Tokyo. 318 yuko wapi?

Chumba 318
Nimerudi, alikuwa jirani.

Nikatoka mbio na ndala za hoteli. Kijana wa mapokezi anasema mwenzako ameondoka na gari la kwanza la uwanjani. Nikarudi chumbani kuchukua pasi, na nyuma ya mlango, pale ambapo mlango ukifunguka huoni, kuna begi jeusi. Saizi ileile. Magurudumu yaleyale. Nikasema ehee. Nikalifungua, nitafute jina.

Gari la pili likachukua nusu saa. Nafika Orly namkuta jamaa kwenye foleni, jasho linamtiririka kuliko mimi, amelishika begi langu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Tukabadilishana bila neno. Akanipa mkono. Ndiyo mwisho.

Kufuli Dogo
Mwisho gani? Begi lake lilikuwa na nini?

Chumba 318
Vitu vyake.

Mama wa Watatu
Vitu gani mwanangu?

Chumba 318
Shikamoo mama. Siwezi kusema hapa.

Binti Bandari
Tuambie hata herufi ya kwanza.

Risiti Mkononi
Somo hapa ni kufunga kitambaa cha rangi kwenye begi. Mabegi meusi yamejaa dunia nzima.

Tairi la Akiba
Hatutaki kitambaa, tunataka yaliyomo.

Kiti cha Chuma
Nadhani ni saa za ukutani. Mtu asiyeongea hubeba saa.

Mguu Nje
Wakuu samahani kuwakatisha. Baada ya kusoma ya Mama nimefungua oda yangu ya hoteli. Imeandikwa kuingia tarehe 14 saa nane mchana, kutoka tarehe 15.

Mama wa Watatu
Nilijua. Nilijua tangu nilipoona 00:40! Waandikie sasa hivi, usingoje kesho.

Mguu Nje
Nimeandika. Wamejibu baada ya dakika ishirini, wamenirudisha tarehe 13, naongeza kidogo kwa sababu bei ya usiku ule ni tofauti. Na wamesema mapokezi yao yanafunga saa saba usiku, baada ya hapo kuna namba za kufungulia mlango watanitumia. Kumbe ningefika nikakuta giza.

Pasi ya Bluu
Hizo namba ziandike kwenye karatasi.

Mgongo Wangu
Na uwaulize gari la mwisho la kutoka uwanjani ni saa ngapi. Uwaulize kwa saa zao.

Saa ya Babu
Vidole msitumie.

Tairi la Akiba
Hongera Mguu Nje, figo zitarudi salama. 318, tumebaki wewe na sisi.

Chumba 318
Laleni.