User=root kwa kidole cha sambusa, mbele ya bosi!

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Yule bwana karudia. Simtaji, mnamjua, kila ofisi inaye.

Wiki mbili nahangaika huduma yetu ikae chini ya akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka yoyote. Faili la .socket lina ListenStream=80, yaani sikiliza poti 80, mlango wa mtandao wa kurasa za wavuti. Anayefungua poti ni systemd mwenyewe, yule msimamizi wa huduma zote kwenye Linux, halafu anaikabidhi huduma soketi (mlango wa mawasiliano) iliyokwisha funguliwa, kama faili namba 3. Huduma haifungui kitu, inapokea tu. Tangu Jumatatu inapiga kazi bila kukohoa.

Leo kaingia na sambusa mkononi, bosi kasimama nyuma yangu. Kasoma skrini, kacheka mpaka nadhani Kigamboni wamesikia: "Dogo, poti za chini ya 1024 hafungui mtu wa kawaida. Nani kakufundisha?" Akanisukuma kwa bega, akaandika User=root, yaani huduma iendeshwe na akaunti yenye mamlaka yote. Kwa kidole kile kile. Na bosi anaitikia kwa kichwa!

POTI ILISHAFUNGULIWA! Ilikuwa inajibu, na yeye anaiona ikijibu!

Sasa hivi akitokea mdukuzi akaipenya ile huduma, kakabidhiwa nyumba na hati ya kiwanja. Kibodi nimeifuta mara tano, herufi R bado inang'aa mafuta.

Fundi Nyaya: Pole mkuu. Wa kwetu soketi ilimkatalia ruhusa, akapiga chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, kuanzia mzizi wa diski. Tulilala ofisini siku tatu.

Binti Logi: Sambusa ya nyama au ya viazi?

Mleta mada: Sitanii dada. Mbele ya bosi!

Mzee wa Seva: Ungepiga sudo ss -ltnp tu, inayoorodhesha nani kashika poti ipi, bosi aone poti 80 imeshikwa na systemd, pid 1 (mchakato namba 1). Wewe umenyamaza kule, umekuja kulia huku.

Mleta mada: Ningepiga vipi, kibodi kaishika yeye na mafuta yake!

Kipanga: Nyie mna raha. Mimi huduma zangu ziko kwenye systemctl --user, chini ya akaunti yangu, nikitoka tu SSH (njia ya kuingia mashine kwa mbali) zote chali. Mwezi mzima nalaumu umeme.

Mzee wa Seva: loginctl enable-linger, kijana, huduma zako zibaki hata ukitoka.

Kipanga: Mungu akupe maisha marefu mzee. Imekubali!

Fundi Nyaya: Linger mbona nafuu. Weka Accept=yes kwenye .socket, kila muunganisho upate nakala yake ya huduma, halafu usahau @ kwenye jina la faili la huduma, utajua hujui.

Binti Logi: Hilo la @ limenila Jumapili nzima, nimekosa harusi ya binamu yangu.

Mleta mada: Jamani, na bosi alikuwa anaangalia...

Kipanga: Mzee, nikiwasha upya mashine linger inabaki au narudia?

Mzee wa Seva: Inabaki. Binti Logi, tupia hilo faili lako la @ hapa tulione.