Katikati ya mji: kikomo cha urefu, uwiano wa sakafu, au mnara juu ya podiamu?

Mpima_Mitaa
Wakuu, mjadala wa majengo ya katikati ya mji huanza na "turuhusu ghorofa ngapi?" na kuishia hapohapo. Urefu ni kitu kimoja, jumla ya eneo la sakafu ni kitu kingine. Naweka njia tatu juu ya kiwanja kimoja ili tubishane kwa namba. Kiwanja ni mita 30 kwa 40, yaani mita za mraba 1,200. Upande wa mita 30 unatazama barabara yenye upana wa mita 18.

Njia A: kikomo cha urefu tu, mita 24, jengo lifunike hadi 80% ya kiwanja. Chini maduka, kimo mita 4.5. Juu yake sakafu sita za mita 3.2. Unafika mita 23.7. Mita za mraba 960 mara sakafu 7 ni 6,720. Gawanya kwa 1,200, uwiano wa sakafu kwa kiwanja ni 5.6.

Njia B: urefu hauna kikomo, uwiano ndio una kikomo, tuseme 4. Una mita za mraba 4,800, zipange utakavyo. Ukifunika nusu ya kiwanja, sakafu 8. Ukifunika 30%, 13 na kipande.

Njia C: podiamu (jengo pana la chini) ya sakafu tatu inayofunika 80%, juu yake mnara wa 20 kwa 20 wenye sakafu 12. 2,880 jumlisha 4,800 ni 7,680. Uwiano 6.4, urefu karibu mita 49.

Sasa toa ngazi, lifti, korido na njia za mabomba. Sakafu pana hupoteza kama 15%, mnara mwembamba kama 23%. A inabaki na 5,712, C inabaki na 6,144. Umetoka sakafu 7 hadi 15, umeongeza eneo linalotumika kwa chini ya 8%. Anayesema C ndiyo jibu la msongamano anieleze hapo.

Sanifu_K
Mkuu, hesabu ya A ni ya ofisi. Kwa makazi haisimami.

Mwanga wa dirisha hupenya ndani mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha likiishia mita 2.6, baada ya mita 6.5 ni giza. Jengo lako lina kina cha mita 24, toa 6.5 kila upande, zinabaki mita 11 katikati ambazo hakuna mtu atalaza mtoto humo. Jengo la fleti lenye korido katikati linataka kina cha mita 16 hadi 18. Punguza sakafu sita za juu ziwe 16 kwa 40, utapata 3,840. Ongeza 960 za maduka: 4,800. Ni uwiano wa 4, namba ileile ya B.

Mnara wa 20 kwa 20, ukiweka kiini (ngazi, lifti na mabomba) cha kama mita 9.6 kwa 9.6 katikati, unabaki na mita 5.2 kila upande. Hakuna chumba gizani. Kwa hiyo kwa makazi C inatoa eneo la sakafu 60% zaidi ya A, kwa ofisi haikupi cha maana. Kanuni isiyotofautisha matumizi inakosea upande mmoja lazima.

Mpima_Mitaa
Hapo nakubali. Nilihesabu kama ofisi nikaandika kama vile ni zote.

Beacon_Nne
Wote mmeruka upana wa kiwanja, na hapo ndipo kanuni nyingi za minara zinapokwama.

Kiwanja kina mita 30, mnara 20. Inabaki mita 5 kila pembeni. Jirani naye akijenga hivyohivyo, dirisha kwa dirisha ni mita 10. Vancouver, ambao wamejenga katikati ya mji wao kwa mtindo huu wa mnara mwembamba juu ya podiamu, wanataka kama mita 24 kati ya mnara na mnara. Nusu yake ni 12. Hesabu basi: 12 + 20 + 12 = mita 44. Kiwanja cha mita 30 hakibebi mnara, hata uwiano ukiruhusu 10. Nyuma hakuna tatizo: 40 ukitoa mita 3 za kusogea kutoka barabarani na 20 za mnara, zinabaki 17.

Kosa la pili ni pa kupimia. Ukiandika "mita 24 kati ya jengo na jengo", wa kwanza kujenga anasimama mita 5 kutoka mpakani, na wa pili anadaiwa 19. Haki ya jirani imeliwa bila yeye kusaini chochote. Andika mita 12 kutoka mpaka wa kiwanja, kila mtu abebe nusu yake. Podiamu haiguswi na sharti hili, yenyewe inaweza kufika mpakani ikiwa ukuta wa pembeni hauna madirisha.

Bomba_la_Maji
Kabla hamjaandika namba ya urefu, someni kanuni za zimamoto. Kanuni kielelezo ya ujenzi inayotumika sana Marekani huhesabu jengo kuwa refu pale sakafu ya juu kabisa inayokaliwa inapopita kama mita 23 kutoka pale gari la zimamoto linaposimama. Angalieni ni sakafu ya kukanyaga, si paa. Kwenye A sakafu ya saba iko mita 20.5. Ongeza moja tu, iko 23.7, na ghafla unadaiwa ngazi zenye shinikizo la hewa, umeme wa dharura wa lifti na pampu, na chumba cha kuongozea uokoaji. Gharama yote hiyo inabebwa na sakafu moja.

Matokeo: kanda inayoruhusu mita 27 hadi 30 hujengwa 23, au mwendelezaji anakuja kuomba msamaha wa kanuni afike sakafu 14 ili gharama igawanyike. Ama simamisha kikomo chini ya mstari wa zimamoto, ama kiruke mbali. England mstari wao kwa majengo ya makazi ni mita 18 au sakafu 7, kwa hiyo A ingekuwa imeshauvuka.

Orofa_Saba
Mpima, A yako ni kanuni ya Washington, sijui kama ulikusudia. Sheria yao ya 1910 inasema urefu ni upana wa barabara jumlisha futi 20, yaani mita 6 na kidogo, usipite kama mita 40 kwenye barabara za biashara, isipokuwa sehemu ya Pennsylvania Avenue inayofika kama 49. Barabara ya 18 inakupa 24. Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote mwenye futi ya kupimia anaikagua.

Ubaya wake ni dari. Kikomo cha mita humlipa anayebana kimo. Chini mita 3.2, juu sakafu saba za 2.9, jumla 23.5: amepata sakafu ya nane, na duka lisiloweza kupitisha bomba la hewa juu ya taa. Dawa ni sentensi moja: ghorofa ya chini isipungue mita 4.5 sakafu hadi sakafu. Kuhesabu kwa ghorofa badala ya mita kunaleta ugomvi mwingine, maana kila nusu ghorofa inakuwa kesi. Vya juu ya paa, kama chumba cha lifti, Washington huvirudisha nyuma kutoka ukingoni kwa umbali sawa na kimo chake, navyo havionekani kutoka chini. Igeni hilo.

Mwanya
B ina mianya, na yote iko kwenye maana ya neno "sakafu".

New York ndiyo shule. Equitable Building ya 1915 ilipanda wima kutoka ukingo wa barabara, ikawatia giza majirani. Mwaka uliofuata ikaja kanuni ya kurudi nyuma kadiri jengo linavyopanda, na mnara usio na kikomo kwenye 25% ya kiwanja. Mwaka 1961 wakahamia uwiano: 15 kwa kanda nzito, hadi 18 ukiacha uwanja wa wazi mbele. Nafasi nyingi za wazi za aina hiyo zikawa saruji tupu yenye upepo. Baadaye wajenzi wakagundua kwamba nafasi za mitambo hazihesabiwi, wakaweka nafasi tupu ndefu katikati ya jengo ili fleti za juu zipate mandhari. Ilibidi 2019 waandike kwamba nafasi ya mitambo kwenye minara ya makazi ikizidi futi 25, kama mita 7.6, ihesabiwe kuwa sakafu.

Mwanya mkubwa kuliko wote ni maegesho. Gari moja pamoja na njia yake hula mita za mraba 25 hadi 30. Fleti 80, gari moja kila fleti, kwa 28: ni 2,240. Hizo ni sakafu mbili na theluthi za podiamu ya C. Ukiyaondoa maegesho ya juu ya ardhi kwenye hesabu, podiamu yote inakuwa gereji na mtaa unatazama ukuta. Yahesabuni, futeni kima cha chini cha maegesho kama mji wa Buffalo, Marekani, na Mexico City walivyofanya 2017, na mita 8 za mbele ziwe za maduka au ofisi kwenye kila sakafu ya podiamu.

Beacon_Nne
Nyongeza fupi: kama kuna uwanja mkubwa wa ndege ndani ya kilomita 4, kikomo cha kawaida cha kimataifa kimekuwa mita 45 juu ya usawa wa uwanja. C ya mita 49 imekufa hapo. Na kreni husimama juu kuliko jengo.

Mpima_Mitaa
Rasimu basi. Upana chini ya mita 44: kanuni ya A, kina cha makazi kisizidi 18, chini mita 4.5. Upana 44 na zaidi: C, mita 12 kutoka mpakani, sakafu ya mnara isizidi mita za mraba 600, maegesho yahesabiwe. Uwiano 4 kwa wote wenye A wanaojenga makazi, 6.4 kwa C.

Sanifu_K
Andika "upana mdogo kabisa mahali mnara unaposimama", si "upana wa mbele". Kiwanja chenye umbo la kabari kitapita mtihani kwa mbele halafu kibanwe kwa nyuma. Na 600 na 44 haziendi pamoja bila kuangalia kina: upana unabaki 20, kwa hiyo mnara unakuwa 20 kwa 30, na 3 + 30 + 12 ni 45. Kiwanja cha kina cha 40 kinaishia 20 kwa 25.

Beacon_Nne
Na kiwanja yatima? Viwanja sita vya mita 30 mfululizo. Wawili wanaungana, watatu wanaungana, mmoja anabaki na A yake katikati. Mruhusu auze uwiano asioweza kuutumia kwa jirani anayepakana naye, kwa hati inayosajiliwa kwenye viwanja vyote viwili. Isiposajiliwa, mnunuzi wa pili atakuja kuudai tena.