Tupeane uzoefu: mji wenu unailindaje miti baada ya siku ya kuipanda?

Mjumbe wa Mazingira (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulizungumze hili kwa upana. Nipo kwenye kamati ya mazingira ya mji mdogo, ule wa aina ambayo halmashauri haina idara ya miti wala mtaalamu wake wa kudumu. Kila msimu wa mvua miche inaletwa kwa lori, viongozi wanapanda, picha zinapigwa. Jua likianza kuwaka, hakuna anayejua mche upi ni wa nani. Kwa mtazamo wangu, kupanda hakujawahi kuwa shida yetu. Mti wa mjini hufa kwa kukosa mwenyewe, yaani mtu mmoja anayejulikana, ambaye ataulizwa ukinyauka na ambaye lazima asaini kabla haujakatwa.

Sisi tulianzia kwenye sheria ndogo. Mti wowote wenye shina la kipenyo cha sentimita 30 na kuendelea, likipimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, haukatwi bila kibali, uwe barabarani au ndani ya kiwanja cha mtu. Maombi yakiingia, karatasi inabandikwa kwenye mti wenyewe kwa wiki mbili: nani anaomba, kwa sababu gani, na pingamizi lipelekwe wapi. Karatasi hiyo imeokoa miti mingi kuliko faini. Ubao wa matangazo wa halmashauri hausomwi na mtu, lakini ukibandika karatasi kwenye mti ambao watu hupumzika chini yake, wataisoma wote.

Kuna mti mkubwa jirani na kituo cha mabasi uliombewa kukatwa kwa madai kuwa umeoza. Madereva na abiria wakauliza: nani kaupima? Akaitwa ofisa misitu ambaye tunamgawana na halmashauri jirani (hilo nalipendekeza sana kwa miji midogo, mtaalamu mmoja kwa miji miwili au mitatu). Akakuta kilichooza ni tawi moja tu. Tawi likaondolewa, mti upo hadi leo.

Leteni ya kwenu. Hata yaliyoshindikana yanafundisha.

Fundi Kitalu

Mkuu, umeanzia kwenye mti mkubwa, mimi nirudi nyuma mpaka kwenye kiriba (kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche), maana miti mingi inayokufa ukubwani ilishahukumiwa kitaluni.

Mche ukikaa kwenye kiriba kupita muda wake, mizizi ikifika chini haina pa kwenda, inaanza kuzunguka. Ukiupanda hivyo hivyo, miaka ya mwanzo utafurahi, majani yanapendeza. Huku chini mizizi inanenepa ikiwa imejisokota, inalikaba shina, au mti unabaki haujashika ardhi upande wowote. Siku ya upepo mkali unalala. Nenda kautazame mti wa mtaani ulioanguka mzimamzima: mara nyingi utakuta mizizi bado ina umbo la kiriba, duara kabisa, na miaka imepita.

Halmashauri ninayoiuzia imebadili utaratibu. Mkaguzi anakuja kitaluni kabla ya malipo, anachagua miche michache mwenyewe, anachana viriba pale pale. Akikuta mizizi imejisokota, kundi zima halipokelewi. Linaniumiza mfukoni, lakini naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu zamani tulilipwa kwa idadi ya miche na hakuna aliyejali kilichomo ndani.

Upande wa shimo, wengi huchimba refu na jembamba. Liwe pana, mara mbili au tatu ya upana wa kiriba, na kina kisizidi kimo cha udongo wa kiriba. Pale shina linapoanza kutanuka kuingia mizizini paonekane juu ya ardhi. Ukipafukia, gome linakaa na unyevu muda wote na kuoza taratibu. Matandazo weka unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini yasiliguse shina. Naona watu wanayarundika yakikumbatia shina kama kichuguu, wakidhani wanausaidia mti.

Dada wa Mtaa wa Juu

Fundi umesema kweli. Mimi nizungumzie maji, maana hapo ndipo miche yetu ilipokuwa inaishia.

Mtaani kwetu mji ulikuja na utaratibu wa mkataba mdogo. Nyumba iliyo mbele ya mche inapewa namba ya mche, inasaini, na jina la mwenye nyumba linaandikwa kwenye daftari la mtaa. Mji unaleta maji kwa gari msimu wa kiangazi na kujaza mapipa pembeni ya barabara, sisi tunamwagilia. Mjumbe wa mtaa anapita na daftari kila mwezi anaweka alama: hai, dhaifu, umekufa. Ukifa, hakuna faini. Unaulizwa tu nini kilitokea, na jibu linaandikwa. Kuulizwa huko ndiko kulikobadilisha mambo. Kabla ya hapo mche ulikuwa wa serikali. Sasa jirani akiona mbuzi anaelekea kwenye mche wangu, ananiita kwa jina.

Somo kubwa tulilolipata ni kwamba kunyunyizia kidogo kila siku hakusaidii. Maji yanaishia juu na mizizi inabaki juu kuyafuata. Tunatengeneza beseni la udongo kuzunguka mche, tunamwaga mengi polepole mara moja au mbili kwa wiki mpaka yazame. Na si kwa msimu mmoja. Miaka miwili hadi mitatu ndipo mti unajitegemea.

La mwisho: egemeo, yaani mti mkavu unaofungiwa mche kwa kamba ili usilale. Mti ukishasimama, kwa kawaida baada ya mwaka, kamba itoke. Kuna mche mmoja hapa ulifungwa kwa waya, ukasahaulika. Gome limeufunika waya kabisa, unaona mstari tu kama kovu, na juu ya mstari shina limevimba. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia ndani ya gome, waya ukikaba hapo hakifiki mizizini. Mti huo unajifia wenyewe ukiwa umesimama.

Msimamizi wa Ujenzi

Habarini. Naongea kama mtu wa upande unaolaumiwa sana, na lawama nyingi tunastahili.

Watu wakisikia mizizi wanafikiria mzizi mmoja ulioshuka chini. Hali halisi ni kwamba sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na inakwenda mbali kuliko mwavuli wa matawi. Kwa hiyo mtaro wa bomba unaopita mita moja tu kutoka kwenye shina unaukata mti karibu nusu ya riziki yake, na juu hakuna dalili yoyote siku hiyo. Mti unaendelea kuwa na majani. Unaanza kukauka vilele miaka miwili, mitatu baadaye, wakati mkandarasi ameshalipwa na kuondoka, na watu wanasema ni ugonjwa.

Kanuni tunayoitumia, ambayo ndiyo ya viwango vya Uingereza, ni kuzidisha kipenyo cha shina mara 12. Shina la sentimita 50 linahitaji duara la mita 6 kila upande lisiloguswa. Uzio unawekwa kabla mashine ya kwanza haijafika. Nasisitiza KABLA, kwa sababu gari zito likipita mara chache tu kwenye udongo uliolowa, udongo unashindiliwa, hewa na maji havipiti tena. Kurundika mchanga na saruji chini ya mti ni kosa la aina hiyo hiyo. Bomba likilazimika kupita hapo, litobolewe chini kwa chini bila kufungua mtaro, au mtaro uchimbwe kwa mkono na mizizi minene iachwe, bomba lipite chini yake.

Kilichofanya kazi mjini kwetu ni mkataba. Miti yote ya eneo la mradi inaorodheshwa na kupigwa picha, kila mmoja unapewa thamani ya fedha, na sehemu ya malipo ya mkandarasi inazuiwa mpaka miti ikaguliwe tena baada ya muda. London wana mfumo unaoitwa CAVAT wa kuupa mti wa umma thamani kwa kuanzia na ukubwa wa shina. Mji mdogo hauhitaji kuwa na hesabu ndefu hivyo, lakini mti ukishakuwa na bei kwenye karatasi, dereva wa katapila anaanza kuukwepa.

Mzee wa Msumeno

Mimi ni mkata matawi. Naomba niseme jambo moja tu nalo ni KUKATA VICHWA. Acheni.

Mtu anaona mti umekuwa mrefu, anaogopa utaangukia nyumba, anaita vijana wanaupunguza kilele mpaka zinabaki nguzo. Mti unakuwa umenyang'anywa majani yote ya kujilisha, kwa hiyo unatoa machipukizi mengi kwa haraka. Machipukizi hayo yameshika juu juu tu, hayajatoka ndani ya mbao. Miaka michache yanakuwa matawi mazito juu ya shina ambalo limeshaanza kuoza kuanzia kwenye kidonda. Mti uliokuwa salama umegeuzwa kuwa wa hatari kwa fedha ya mwenye nyumba.

Ukitaka kukata tawi, tazama pale linapotoka kwenye shina. Kuna uvimbe mdogo mfano wa pete. Kata nje ya pete hiyo, usiiguse, na usiache kisiki kirefu. Tawi zito linakatwa mara tatu: kwanza unachanja chini mbali kidogo na shina ili lisichane gome likianguka, pili unalikata juu likaondoka, tatu unamalizia kwenye pete. Habari ya kupaka rangi au lami kidonda, iacheni. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi kwa msumeno kuangalia ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama mwili wa mtu. Unajenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoumia na kuiacha humo. Rangi haizuii kuoza.

Na chini ya nyaya za umeme pandeni miti mifupi toka mwanzo. Nachoka kuitwa kila mwaka kukatakata mti uliopandwa mahali pasipo pake.

Mwalimu wa Bustani

Nyongeza fupi kuhusu aina za miti. Miji mingi hupanda aina moja barabara nzima kwa sababu inapendeza na miche ni rahisi kupatikana. Marekani miji mingi ilikuwa na miti ya elm kila mtaa, ugonjwa ukaingia miaka ya 1930 ukaifyeka. Wengi wakajaza mapengo kwa miti ya ash. Mwaka 2002 mdudu anayekula ash akagundulika Michigan, na tangu hapo mamilioni yamekufa. Frank Santamour, mtafiti wa miti wa Marekani, alipendekeza mwaka 1990 kwamba mji usizidishe asilimia 10 ya spishi (aina) moja, 20 ya jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana), na 30 ya familia moja (kundi la jenasi zinazokaribiana). Shuleni kwetu tulihesabu miti ya mitaa ya jirani na wanafunzi, zaidi ya nusu ilikuwa aina moja. Tulipeleka orodha halmashauri na msimu uliofuata miche ilichanganywa.

Mwenye Kiwanja

Wakuu nawaheshimu, ila swali kwa mwanzisha mada. Hiyo sheria ya sentimita 30, hamuoni kwamba mtu ataukata mti wake ukifika 25 ili asije akafungwa mikono baadaye? Mimi nina miti kiwanjani na nimeliwazia hilo.

Mjumbe wa Mazingira

Umegusa penyewe, ndugu yangu, na limetokea. Mwaka wa kwanza wa sheria tuliona visiki vingi vya miti ya ukubwa huo. Kutisha watu kulikuwa kunaua miti. Tulibadili mambo mawili. Kwanza, ombi la kibali lisipojibiwa ndani ya siku 30, limekubaliwa, ili ofisi isimkalie mtu. Pili, mwenye mti mkubwa anapata huduma ya kukaguliwa na kupogolewa na mji bila malipo, kwa sababu hofu ya watu wengi ni tawi kuangukia paa, na hofu hiyo ina jibu bila kukata mti. Na akipewa kibali, anapanda mbadala na kusaini daftari kama la dada hapo juu. Tunampa nafasi ya kupanda popote mjini kama kiwanja chake hakitoshi. Visiki vimepungua sana.

Kwa kupima maendeleo tunatumia kanuni ya mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, ya mwaka 2021, 3-30-300: kila nyumba ione angalau miti 3, kila mtaa uwe na uvuli wa miti wa asilimia 30, na bustani iwe ndani ya mita 300. Tuko mbali nayo, lakini imetuonyesha mitaa ipi iko uchi, na miche inaanzia huko badala ya barabara ya ofisini.

Mlinzi wa Uwanja

Nimesoma yote. Sisi tuna mti wa zamani uwanjani, shina lina pango mtu anaingia. Kila uongozi mpya unataka uondoke. Je, pango ni lazima ukatwe?

Mzee wa Msumeno

Hapana, bwana mlinzi. Mti unabebwa na mbao za nje, katikati ni mbao zilizokwisha kufa kitambo. Pango lenyewe si hukumu. Gonga shina pande zote kwa nyundo ya mbao usikilize wapi panalia debe, kisha angalia kama ukuta ulio mzima ni mnene na umezunguka bila ufa. Kagua chini pia: uyoga kwenye shina au mizizi, au ardhi iliyoinuka upande mmoja, hiyo ni hatari kuliko pango. Usizibe pango kwa saruji, inasugua ndani na kutunza maji. Mwiteni ofisa misitu aandike ripoti, mpunguze uzito wa matawi marefu yaliyolala upande mmoja, na viti vihamishwe visikae chini ya tawi zito. Ripoti ikae kwenye faili la uwanja ili uongozi ujao uikute.